Winslow Homer, Mwanafunzi wa Bahari

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Usemi huo hutajwa sana siku za mahafali, nao husahauliwa kabla viti havijarudishwa ghalani. Leo tungependa kumsimulia msomaji maisha ya mtu ambaye usemi huo ulikuwa kwake jambo la kila siku, maana bahari yenyewe ndiyo iliyomsomesha. Tena alisoma akiwa mtu mzima, na akakubali kurudi kuwa mwanafunzi wakati jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma. Mtu huyo ni Winslow Homer, mchoraji wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1836 na kufariki dunia mwaka 1910.

Kazi zake ni nyingi, wala hatuwezi kuzigusa zote katika ukurasa mmoja. Tutafuata uzi mmoja tu, nao ni jinsi alivyojifunza kuchora mandhari ya pwani kwa rangi za maji. Alianza akiwa na umri wa miaka 37. Alipofika miaka 45 aliona kwamba bado hajajua, akaanza upya.

Mama na karakana

Homer alizaliwa tarehe 24 Februari, 1836, katika mji wa Boston, akiwa mtoto wa pili kati ya wana watatu, akakulia katika mji jirani wa Cambridge. Baba yake, Charles, alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya chuma, mtu wa kujaribu hili na lile. Mwaka 1849 aliiacha familia akaenda California kutafuta dhahabu, akarudi mikono mitupu. Mama yake, Henrietta, alikuwa mtu mtulivu aliyependa kuchora maua kwa rangi za maji, na alizichora kwa ustadi mkubwa. Kutoka kwake ndiko mtoto alikoonyeshwa kwanza namna ya kushika brashi. Methali yetu husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Homer alibahatika kufunzwa na wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Alipokuwa kijana wa miaka kama 19, baba yake alimtafutia nafasi ya uanagenzi katika karakana ya Bufford mjini Boston, ambako picha zilipigwa chapa kwa mawe. Kazi ilikuwa ya kunakili tangu asubuhi hadi jioni: leo jalada la kitabu cha nyimbo, kesho nyuso za waheshimiwa. Aliivumilia kwa miaka miwili. Siku alipomaliza alikuwa ametimiza miaka 21, naye akaazimia kwamba tangu siku hiyo hatakuwa chini ya bwana mwingine maishani mwake. Tunamwomba msomaji alikumbuke azimio hilo, maana tutalirudia.

Baada ya hapo alijitegemea kwa kuchorea magazeti, hasa jarida la Harper's Weekly. Siku hizo magazeti hayakuwa na njia ya kupiga chapa picha za kamera. Mchoraji alichora kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha mafundi wakachonga mchoro huo juu ya vibao vya mti, ndipo ukapigwa chapa. Mwaka 1859 alihamia New York, akahudhuria masomo ya usiku na kupata mafunzo machache ya rangi za mafuta. Kaka yake mkubwa alimpa kitabu cha mwanakemia wa Kifaransa, Chevreul, kilichoeleza jinsi rangi mbili zikikaribiana zinavyobadilishana sura machoni pa mtazamaji. Kitabu hicho alikitunza maisha yake yote.

Vitani

Mwaka 1861 Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilizuka nchini Marekani. Harper's Weekly lilimtuma Homer kufuatana na majeshi ya Kaskazini huko Virginia, na mwaka 1862 alikuwapo wakati wa kuzingirwa kwa mji wa Yorktown. Wasomaji wa jarida walitazamia mashambulio ya farasi na bendera zikipepea. Homer aliwaletea pia askari aliyekaa juu ya kreti akingoja, mwingine akipika, mwingine akisoma barua kutoka nyumbani. Katika picha yake mashuhuri ya mlenga shabaha, mtu mmoja amekaa juu ya tawi la msonobari, bunduki imetulia, jicho liko kwenye darubini. Adui haonekani. Miaka mingi baadaye Homer alimwandikia rafiki yake kwamba kazi ile aliiona kuwa karibu na mauaji ya kuvizia.

Sisi tuliopitia chuo cha maofisa wanafunzi tulifundishwa, pamoja na kusoma ramani, kuchora kwa kalamu ya risasi mandhari iliyo mbele yetu. Kwanza mstari wa upeo wa macho, kisha vilima, kisha alama chache zionekanazo wazi kama mti wa pekee au mnara, na mengine yote kuachwa. Wengi wetu tuliona kwamba tunapoteza saa. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba mwalimu hakuwa na haja na picha zetu. Alitaka tujue kutazama. Homer aliipata elimu hiyo ya kutazama katika kambi za Virginia, nayo ndiyo mzigo mwepesi alioubeba hadi pwani.

Lakini haifai kuficha ukweli. Katika michoro yake ya wakati wa vita zimo baadhi zilizowachora watu weusi kwa mzaha, kama ilivyokuwa desturi mbaya ya magazeti ya Marekani ya siku hizo. Huo nao ulikuwa ujinga, na yeye mwenyewe ilimbidi aufute kazini mwake kwa miaka iliyofuata.

Gloucester, 1873

Vita vilipokwisha mwaka 1865 Homer alikuwa mtu wa kujulikana. Picha zake za mafuta zilisifiwa, alichaguliwa kuwa mwanachama wa chuo cha taifa cha wachoraji, na picha zake mbili zilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867. Katika kiangazi cha mwaka 1873 alikwenda Gloucester, bandari ya wavuvi katika jimbo la Massachusetts, akaanza kuchora kwa bidii kwa rangi za maji, zile zile alizozitumia mama yake.

Kwa faida ya msomaji asiyezizoea, tueleze kwa ufupi. Rangi za maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga, gundi ile ile ambayo Sudan imeiuzia dunia kwa karne nyingi, kisha ukayeyushwa kwa maji. Rangi ya mafuta ni nzito na hufunika. Ukikosea leo, kesho utapaka nyingine juu yake. Rangi ya maji ni nyepesi kama kioo. Mwanga hupenya ndani yake, hugonga karatasi nyeupe iliyo chini, nao hurudi machoni mwetu. Kwa hiyo weupe wote katika picha ni weupe wa karatasi yenyewe. Povu la wimbi huachwa bila kuguswa. Tanga jeupe huachwa. Mng'ao wa jua juu ya maji huachwa. Mchoraji hulazimika kujua mahali pa kuacha kabla ya kulowesha brashi, na akisitasita, maji hayamngoji. Hukauka na kuacha alama ya kusitasita kwake.

Katika kiangazi hicho cha kwanza Homer alichora watoto wa wavuvi: wamekaa juu ya mashua, wamebeba kikapu cha chaza, wanatazama jahazi likirudi. Ni picha za kupendeza, lakini mkono wa mchoraji wa magazeti bado unaonekana ndani yake. Alichora kwanza mistari kwa kalamu ya risasi, akajaza rangi ndani ya mistari, na palipotakiwa mwanga akapaka rangi nyeupe nzito, badala ya kuiachia karatasi ifanye kazi. Bahari ilikuwa pazia tu nyuma ya watoto. Baadhi ya wahakiki walimlaumu kwamba picha zake za maji hazijakamilika. Kwa upande wa ulaini wa kazi walikosea. Lakini kwamba alikuwa na mengi ya kujifunza, hilo naye alilijua.

Mwaka 1875 aliacha kuchorea Harper's Weekly. Katika kiangazi cha mwaka 1880 alirudi Gloucester, na safari hii hakukaa mjini. Alipanga kwa mlinzi wa mnara wa taa katika kisiwa kidogo kiitwacho Ten Pound Island, katikati ya bandari, akachora picha zipatazo mia moja. Katika machweo aliyoyachora huko, alilowesha karatasi akaziacha rangi nyekundu na nyeusi zikimbiliane zenyewe, na mashua zikabaki vivuli. Hapo alikwisha kuthubutu kuyaachia maji nafasi yao.

Cullercoats

Tumefika mahali ambapo, kwa maoni yetu, ndipo ilipo thamani ya maisha haya. Mwaka 1881 Homer alikuwa na umri wa miaka 45. Alikuwa na jina New York, alikuwa na wanunuzi, na angeweza kuendelea kuwachorea watoto wa pwani hadi uzeeni bila ya mtu kumlaumu. Badala yake alipanda meli hadi Uingereza, akaupita mji wa London, akajichimbia katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Cullercoats, kwenye Bahari ya Kaskazini, karibu na mji wa Newcastle. Alikaa huko miezi ipatayo ishirini, hadi Novemba 1882.

Pwani hiyo ni ya baridi, upepo na mawingu mazito. Wanaume walikwenda baharini kwa mashua ndogo. Wanawake walitia chambo katika ndoana, walishona nyavu, walibeba samaki mgongoni katika makapu wakaenda kuwauza, na tufani ilipovuma walisimama juu ya mwamba wakiangalia ni mashua ya nani itakayorudi. Mwezi Oktoba 1881 meli iitwayo Iron Crown ilikwama katika dhoruba kwenye mlango wa mto Tyne, na Homer aliuchora uokoaji huo kwa rangi za maji: mashua ya waokoaji ikipanda wimbi, na meli ikiwa imeelemewa nyuma yake.

Kwa mtu aliyetoka kuchora watoto wakicheza, huu ulikuwa mwanzo mpya wa darasa. Waingereza walikuwa na mapokeo ya zaidi ya karne moja ya kuchora mandhari kwa rangi za maji, na Homer aliitazama kazi yao kwa makini. Alichukua karatasi kubwa zaidi. Alijifunza kuweka tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiri ya chini yake ikauke, hata anga likapata uzito wa mvua ambayo bado haijanyesha. Alijifunza kufuta kwa brashi yenye maji na kitambaa ili kuipata nuru katikati ya wingu, na kukwangua karatasi kwa ncha ya kisu ili kuupata ule mweuo wa povu unaodumu kwa kufumba na kufumbua. Alijifunza kuburuta brashi iliyo kavu kidogo juu ya karatasi yenye mikwaruzo, rangi ikashika vilele na kuviacha vibonde, na maji yakametameta.

Hata hivyo ufundi wa mkono ni nusu tu ya aliyoyapata. Nusu ya pili ni kwamba bahari iliacha kuwa pazia. Wanawake wa Cullercoats katika picha zake husimama wima, miguu imara mchangani, upepo ukivuta nguo zao. Na mtazamaji huelewa mara moja kwamba maji yale yaliyo nyuma yao yaweza kumchukua mume au mwana kabla ya usiku kuingia. Mwaka 1883 kazi hizo zilipoonyeshwa Marekani, hakuna aliyesema tena kwamba hazijakamilika.

Na lile azimio la kijana wa miaka 21? Alilitimiza, kwani hakuna mtu aliyekuwa bwana wake tena. Lakini alijiweka kwa hiari chini ya mwalimu mkali kuliko Bufford, asiyetoa likizo wala cheti.

Prouts Neck na visiwa vya joto

Mwaka 1883 Homer alihamia Prouts Neck, rasi ya miamba katika jimbo la Maine, ambako familia yake ilikuwa imenunua ardhi. Banda la magari ya farasi liligeuzwa kuwa nyumba yake na mahali pa kazi, likaongezwa roshani inayoelekea baharini. Hakuoa. Mama yake, mwalimu wake wa kwanza, alifariki mwaka 1884, mwanawe akiwa amekwisha kuivuka mipaka ya maua aliyomwanzishia.

Mwishoni mwa mwaka huo alitumwa na jarida moja kwenda Bahama, visiwa vilivyokuwa koloni la Uingereza, ambako wakazi wengi ni weusi. Hapo mafunzo ya Cullercoats yalipata mtihani, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinyume chake. Jua lilikuwa kali, maji ya samawati na kijani, kuta za matumbawe nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Tabaka nzito za Bahari ya Kaskazini zingeiua nuru hiyo. Homer hakushikilia alichokwisha kukijua. Alipunguza. Aliweka rangi mara moja, safi, kisha akaiacha karatasi ing'ae. Ukuta mweupe wa Nassau katika picha zake mara nyingi ni karatasi tupu pamoja na kivuli kidogo cha samawati.

Humo ndimo alimochora wazamiaji wa sifongo, wavuvi wa kasa, na mabaharia weusi wakiendesha mashua zao katika upepo. Mzaha wa michoro ya zamani umetoweka kabisa. Hao ni watu wanaoijua kazi yao na wanaoijua bahari yao kuliko mgeni anayewatazama. Alichora pia kuta zilizowatenga na bustani za matajiri. Katika picha moja ya mwaka 1885 mtoto mweusi amesimama nje ya ukuta, akiutazama mnazi ulio ndani. Wataalamu walioichunguza karatasi hiyo wamegundua kwamba hapo mwanzo walikuwapo watoto wengine wawili waliokuwa wakitaka kuparamia ukuta, na Homer akawafuta. Alipowaondoa, picha iliacha kuwa kisa cha utundu wa watoto wenye kudokoa nazi. Alibaki mtoto mmoja, ukuta, na kile kisichofikika. Kufuta kule alikojifunzia mawingu ya Cullercoats kulimwezesha kusema jambo zito bila neno hata moja.

Alirudi Bahama katika majira ya baridi ya 1898 hadi 1899, na kutoka huko zikatokea baadhi ya picha zake bora za maji. Mojawapo ni ya mtu mweusi aliyelala ufukoni baada ya kimbunga, kando ya mashua iliyovunjika, mawingu yakianza kupasuka. Mwaka 1899 huo huo alichora kwa mafuta picha yake ijulikanayo mno, ya baharia mweusi aliye peke yake katika mashua isiyo na mlingoti, papa wakimzunguka. Mbegu yake ilikuwa katika michoro ya maji aliyoikusanya tangu safari ya kwanza. Mwaka 1906 picha hiyo ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York.

Masomo yasiyokwisha

Homer alifariki Prouts Neck tarehe 29 Septemba, 1910, akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa Cambridge alikokulia. Aliacha picha za rangi za maji zinazokaribia mia saba. Nyumba yake ya kazi imehifadhiwa, na tangu mwaka 2012 watu huruhusiwa kuitembelea na kusimama kwenye roshani ile.

Hata baada ya kufa somo halikumalizika. Baadhi ya rangi nyekundu alizozitumia hazikuwa za kudumu. Zilipoachwa katika mwanga zilififia. Mwaka 2008 wataalamu wa jumba la sanaa la Chicago walieleza kwamba anga la moja ya picha zake za mwaka 1887, lionekanalo leo karibu jeupe, lilikuwa anga la machweo yenye kuwaka. Hata mtu aliyejua mengi kiasi hicho kuhusu maji na karatasi hakuepuka kudanganywa na kidonge cha rangi.

Katika kazi yetu tumewaona watu wazima wenye vyeo wakikaa nyuma kabisa ya darasa, daftari limefungwa, kwa kuona haya ya kuuliza mbele ya vijana. Kwao twaona maisha ya Homer yana maana kuliko kwa wachoraji peke yao. Cheo alikuwa nacho. Alichohofia ni kuchora picha ile ile kwa miaka thelathini iliyobaki, na kwa hofu hiyo alikwenda kusimama katika baridi ya Cullercoats, mtu wa miaka 45 mwenye ubao magotini, akingoja tabaka la kwanza likauke ili aweke la pili.

Nasi tunao ufuko wa kutosha, wa bahari na wa maziwa makuu. Kijana mwenye karatasi, vidonge vichache vya rangi na kopo la maji ana vyote alivyokuwa navyo Homer asubuhi yake ya kwanza pale Gloucester. Na mzee mwenye kopo hilo hilo asione haya kuketi karibu naye.